Zafarani Ndani ya Chupa

Mgeni wangu alikuwa akija Ijumaa baada ya sala, wakati watu wa mtaa wetu wa Buyenzi wamerudi kwenye kazi zao na ua wangu umebaki kimya. Ni mtumishi wa serikali aliyestaafu, Mkristo, mkazi wa Kigobe, upande wa pili wa mji, na hukusanya chupa za kale za maji ya madini. Mimi nilikuwa nazo chache. Marehemu baba alikuwa mpagazi bandarini, pale ziwani. Wazungu walipomaliza maji yao yaliyotoka Ulaya, chupa ziliachiwa wapagazi, na mama akazitilia mawese. Baadaye zikawa za mke wangu, na alipofariki zikabaki na mimi. Watoto wetu wako nje. Hupiga simu, Mungu awalipe, lakini simu hainywi chai.

Mgeni ndiye aliyenifundisha kuzitambua.

"Pitisha kidole hapa, Mzee," aliniambia siku ya kwanza. "Fuata huu mustari wa pembeni. Unaishia wapi?"

"Shingoni."

"Basi mudomo walitengeneza na mukono. Ya mashine, mustari unapanda mpaka juu."

Akanionyesha viputo vya hewa vilivyonaswa ndani ya kioo, na herufi zilizoinuka begani. Nilikuwa nimeishi na chupa hizo tangu utoto bila kujua kwamba zina habari zake. Nilimshukuru Mungu kwa kunifundisha jambo jipya uzeeni, na zaidi kwa kunipa mtu wa kuketi naye. Hakuwa na haraka ya kununua, nami sikuwa na haraka ya kuuza.

Ijumaa moja alizitoa mlangoni penye mwanga, akazigeuza moja moja.

"Mulikuwa munaziosha na nini?"

"Mchanga wa ziwa na ndimu. Unatia, unatikisa."

"Eh, Mzee. Mumezisugua kama sufuria." Alicheka kidogo. "Ona huu ukungu wa ndani. Ni mikwaruzo. Hautoki tena."

Mtaa mzima tuliosha hivyo. Chupa ikiwa na maji ilimetameta, na mke wangu alijivunia zake. Hatukuwahi kuzitazama zikiwa kavu.

Kisha akaiona iliyokuwa peke yake kwenye rafu, karibu na msahafu wangu: ya kijani, nzito, mdomo mzima bila pengo.

"Hii haijasuguliwa. Hii ndiyo yenyewe. Ila chini iko na kutu. Ikitoka, mi nachukua leo."

"Si kutu. Ni zafarani."

Nikamweleza. Mke wangu alipougua, mwalimu wa msikiti wetu alimwandikia aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, na maji hayo, ambayo sisi twayaita kombe, akatiliwa katika chupa hiyo anywe kidogo kidogo. Tangu kwa mama chupa hiyo ilikuwa pambo tu, haikutiwa mawese, na baada ya kombe ndiyo kabisa haikuingia mchanga. Maji yaliyobeba maneno ya Mungu hayamwagwi mtaroni. Alifariki kabla hajayamaliza, nami sikuwa na moyo wa kuyagusa. Yakakauka yenyewe, rangi ikaganda chini.

"Pole, Mzee," akasema. "Basi nitaiosha mi mwenyewe, polepole."

"Utamwaga wapi?"

"Mu lavabo."

Hakusema kwa ubaya. Nyumbani kwake maji huenda huko, kwenye sinki. Nilimwomba anipe muda. Alikubali, lakini akaongeza kwa upole kwamba zile nyingine hazimfai. Nikaelewa. Nikikataa, hatakuwa na sababu ya kuvuka mji kuja kwangu. Nikikubali, kinywaji cha mwisho cha mke wangu kitapotelea kwenye bomba la Kigobe.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nilitia maji safi ndani ya chupa, nikayaacha yashike rangi. Nikasema bismillahi, nikanywa. Harufu ya zafarani bado ilikuwepo, hafifu. Nikafanya hivyo kila asubuhi, bila mchanga, bila kutikisa kwa nguvu, mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia. Alichobakiza mke wangu nilikimaliza mimi.

Ijumaa iliyofuata mgeni aliinua chupa kwenye mwanga.

"Umeitakasa vizuri. Ile maji ulimwaga wapi?"

"Nimeyanywa."

Aliiweka chupa mezani, akakaa kitambo bila kuigusa. Bei aliyotaja baadaye ilikuwa ya haki, nami sikushindana naye. Aliifunga kwa kitambaa, akanywa chai yake hadi mwisho, na pale mlangoni akasema, "Nitapita, Mzee."

Hajapita. Simlaumu; Kigobe ni mbali kwa mtu asiye na haja, na Mungu alinipa Ijumaa nyingi kuliko nilivyoomba. Siku hizi nikinunua Fanta dukani, kidole changu hutafuta mstari wa pembeni chenyewe, kikaufuata unavyopanda mpaka juu kabisa. Nami hugeuka kidogo, nimwambie mtu, wala hakuna mtu.