Ndege Zitarudi Wakati wa Baridi

Nje ya Riyadh, barabara ikishaacha viwanda nyuma, kuna uwanja wa ndege wa jeshi ambao haujatuliwa na ndege tangu wanajeshi wahame. Walibakiza lango, mnara usio na vioo na lami iliyopasuka. Historia yake iliyobaki iko midomoni mwa walinzi Wakenya, na nusu yake ni uongo.

Dalmas wa Butere aliipokea mwaka 2013. Wakala Nairobi alimwahidi kazi ya "airport". Akakuta mchanga. Mlinzi aliyemtangulia, Reuben, akamkabidhi ufagio: "Fagia lami kila asubuhi, ndugu. Ndege zitarudi wakati wa baridi." Reuben naye alikuwa ameambiwa hivyo hivyo. Lango haliruhusiwi kukaa bila mtu. Mgeni asipodanganywa abaki, mwenyeji haondoki. Dalmas akafagia. Baridi ikaja, ikapita, ikaja tena.

Mkewe, Jerioth, alikuwa mfanyakazi wa ndani Jeddah. Nchi moja, na hawajaonana tangu waje. Sasa mkataba wake umekwisha, Ijumaa anarudi Kenya. Madam amempa ruhusa Alhamisi akanunue zawadi Sharafiya, mtaa wa maduka huko Jeddah, na huko ndiko Dalmas alitaka kumkuta. Kafili wa Dalmas, mwajiri aliyemdhamini, alisema: akipatikana wa kushika zamu, nenda.

Jumatano nilifika uwanjani na Julius, dereva wa kampuni yetu ya ulinzi, tukimleta huyo wa zamu: Bonface wa Molo, buti mpya miguuni. Alishuka, akaangaza macho.

"Wakubwa, ndege ziko wapi?"

Julius alicheka mpaka akalalia usukani. "Ulizia pale duty free."

"Mimi sikai hapa. Washa gari turudi."

"Yalla, haya, amueni," Julius akasema. "Jua linanichoma."

Dalmas alikuwa ameshavaa shati la safari. Akalizunguka gari lote, ufagio mkononi, kama anayetafuta tairi lenye pancha.

"Ndege mafi, hakuna, ndugu," akasema mwishowe. "Hazikuja, hazitakuja. Nimefagia bure." Akamweleza ya wakala, ya Reuben, ya Jerioth.

Bonface alimkazia macho. "Kwa hiyo mimi ningekuwa mjinga wa ngapi?"

"Wa tatu, kwa ninaowajua."

"Na mkeo anajua unaenda?"

"Anajua najaribu."

Bonface akatema mate mchangani, kisha akavuta begi lake kutoka garini. "Jumapili uwe hapa. Ukichelewa nafungua lango, ngamia wa Saudia yote walale humu. Na mimi sifagii, tuelewane!"

Dalmas akaruka ndani, Julius akakanyaga mafuta. Tulikuwa tumeshaingia barabara kuu alipogundua kwamba ufagio bado uko katikati ya magoti yake.

"Nigeuze?" Julius akauliza. "Ama ndiyo zawadi Jerioth ameagiza?"

"Endesha, bwana," Dalmas akasema. "Endesha tu."