Kilimi Changu Kilivyonusurika

Nakumbuka siku moja mwaka jana, Jumatatu ya wiki ya mahafali, nilifungua kinywa kumwamkia bibi, ikatoka sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Mwanangu (nakuita mwanangu kwa sababu mimi niko kidato cha nne na wewe sare yako bado ina mikunjo ya dukani, kwa hiyo usibishe), mshereheshaji wa mahafali hayo nilikuwa mimi. Jumamosi wazazi wangejaa ukumbini kunisikiliza. Na koo lilikuwa linawaka, mwili una homa, hata mate yakipita yanaomba ruhusa.

Bibi tunaishi naye hapa Chemchem. Huniita mume wangu, na utani wetu hauna likizo.

"Mume wangu, hicho ni kilimi kimerefuka. Twende Ulyankulu, kuna mzee anakikata. Ukirudi unaimba."

Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kwetu mtu akikohoa sana au koo likiuma, kinashtakiwa hicho kilimi. Nami kwa uchu wa jukwaa nilishavaa viatu.

Mlangoni tukakutana na mama mdogo, muuguzi, ndiyo anatoka zamu.

"Shikamoo mama. Mnakwenda wapi?"

"Marahaba. Nampeleka mume wangu akakatwe kilimi."

Mama mdogo akaweka mkoba chini, akawasha tochi ya simu. "Wewe, sema aaa." Akachungulia. "Kilimi hakina kosa. Haya ni mafindofindo, yamevimba huku na huku, yana usaha. Akikatwa atavuja damu, na huo wembe unaweza kumwachia ugonjwa mwingine."

"Wewe ulikatwa na hujafa!"

"Na ulinisimulia mwenyewe, nilivyolia majirani walidhani kuna msiba."

Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. Nikavua viatu.

Wakanipeleka kituo cha afya, daktari akanipima na kuniandikia dawa. Nyumbani mama mdogo akatoa amri: kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kunywa maji mara kwa mara, uji mwepesi, chai yenye asali yetu ya porini, kikombe changu peke yangu. Kisha akamalizia: "Na usiongee. Hata kunong'ona, hapana. Koo lipumzike."

Mwanangu, hapo nikaukumbuka wembe kwa hamu.

Bibi naye akaona neema imeshuka. "Mume wangu, miguu yako si kama ya korongo?" Kimya. "Na hesabu unafeli kwa sababu ya uzuri, eti?" Kimya. Akaita jirani aje kushuhudia. Nilijitetea kwa nyusi tu. Lakini maji ya chumvi alinipashia yeye, akisema, "Sukutua, bwana harusi." Nilipojiona mzima nikataka kuacha vidonge, akanisimamia mbele kama askari magereza: "Meza."

Jumamosi nikapanda jukwaani. Sauti ikaja, nzito kidogo, ya kiutu uzima. "Wageni waalikwa, yule wa kilemba cha njano ni mke wangu. Wiki nzima kanitukana nikiwa bubu!" Ukumbi ukalipuka. Bibi akasimama: "Nampa talaka leo leo!" Yeye ndiye aliyepigiwa makofi zaidi.

Basi mwanangu, koo likiuma usikimbilie wembe, wala vidonge alivyobakiza jirani. Mafua ya kawaida yanataka maji, mapumziko na subira. Ila homa ikikaza, ukashindwa kumeza hata mate, au pumzi ikawa ya shida, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukipewa dozi, imalize hata kama unajiona umeshapona. Asali usimpe mtoto mchanga. Na kohoa kwenye kiwiko chako, siyo kwenye kisogo cha anayekaa mbele yako.

Mungu akujalie koo laini, pua isiyochuruzika kwenye chumba cha mtihani, na mtu wa kukuuguza huku anakucheka. Amina. Haya, kanawe mikono.