Mkwe Aliyekuja Kugomboa Mke

Mhariri kaning'ang'ania nisimulie haya, kana kwamba sina mahindi ya kupukuchua. Haya. Mjukuu wangu aligombana na mumewe, mgomboa mizigo wa mpakani Tunduma, akarudi kwetu Iyula. Kila pikipiki ikilia barabarani, anachungulia.

Mwezi wa pili tangu arudi, mume akaja, akaketi mbele ya wazee.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kumgomboa mke wangu."

"Marahaba. Kwani ni kontena?"

Nyuma ya mlango mjukuu alicheka, kisha akapenga kamasi. Mume akainamia viatu vyake.

"Bibi, bado napika ugali wa watu wawili. Namwomba."

Mimi mtu anayekuja kupatana nampima hivi: nasikiliza anavyokitaja anachokitaka. Tulimtoza siku sita za kuchuma kahawa yetu, mkewe akimpelekea maji.