Siku Kisima cha Wifi Kilipowaka

Shangazi yangu anapima maji kwa taa. Anadondosha dawa kwenye chupa ya sampuli, anafunga mapazia, anawasha taa ya zambarau. Maji yenye madini ya risasi yanawaka rangi ya buluu. Kazi anaijua, ila mdomo wake hauna breki.

Alipopima kisima cha wifi yake, dada wa mumewe, maji yaliwaka. Mwenye akili zake angerudia kupima. Yeye huyo, mpaka kisimani, akasema mbele ya majirani na ndoo zao: "Wifi, haya maji ni sumu. Yanaharibu ubongo wa watoto." Wifi alikuwa haishi kumkejeli, na nadhani siku ile shangazi aliona raha kidogo.

Majirani waliondoka na ndoo tupu. Wifi naye alinywea. Anaishi na binti yake na mjukuu wa miaka mitatu ambaye bado hajasema hata neno moja, na maziwa yake ya unga yamekorogwa kwa maji yale tangu azaliwe. Kuanzia hapo bibi akawa hambebi tena. Mtoto akimfuata, anamwita binti yake aje amchukue.

Wiki iliyofuata, shangazi alimimina maji safi ya maabara kwenye chupa yake, bila dawa yoyote, akawasha taa. Yakawaka buluu ileile. Alinusa chupa: harufu ya sabuni. Sabuni ya maabara ilikuwa imekwisha, akaziosha chupa nyumbani kwa sabuni ya unga, ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Kinachong'arisha nguo ndicho kilichowaka. Jambo hilo hata mwanafunzi analijua! Akachukua chupa mpya, akapima kisima upya. Maji hayakuwaka.

Nilimsindikiza kuomba radhi. Alijifunika mtandio mpaka machoni, na mimi sikuwa na uso pia, maana habari ile niliitembeza mtaa mzima.

Wifi alikuwa anakunja nguo. Shangazi aligoma hata kukaa.

"Wifi, nisamehe. Maji yako ni safi. Chupa zangu ndizo zilikuwa na sabuni. Nitawapitia majirani wote niwaambie."

Tulingoja matusi. Tulistahili.

"Achana na majirani," alisema. "Kwa hiyo mtoto... siyo mimi niliyemharibu?"

"Siyo wewe, wifi."

Akaangusha nguo, akamwita mjukuu wake. Mtoto alitokea mlangoni, akamtazama bibi yake, kisha akageuka akarudi kwa mama yake.