Tundu Tupu la Fundi Methusela

Tangu kabla ya vita, Fundi Methusela wa mtaa wa Mabawa alikuwa akitengeneza bastola za mameneja wa mashamba ya mkonge. Alizijua zaidi zile fupi za kutia mfukoni, zenye matundu sita, ambazo ngoma ya risasi huzunguka kulia. Kila aliporudisha bastola, tundu la kwanza kuifikia nyundo aliliacha tupu. Wateja wote waliijua kauli yake: "Mvuto wa kwanza ni wangu, hauna kitu."

Mwaka 1953 akaletewa ya aina mpya, nyepesi, yenye matundu matano. Akaisafisha, akaijaza, akaacha tundu tupu upande ule ule aliouzoea. Hakuangalia kwamba ngoma ya hii huzunguka kushoto.

Rafaeli, dereva wa shamba, ndiye aliyetumwa kuichukua. Mbele ya meneja aliielekeza chini, akavuta kifyatulio mara moja kuonyesha kwamba ni salama, kama alivyofanya miaka yote. Risasi ikamkata vidole vya mguu. Meneja akamfukuza kazi kwa kuchezea silaha.

Bastola ilipoletwa kukaguliwa, Methusela aliizungusha ngoma mara moja tu, akaelewa. Lakini akaikumbuka leseni yake ya ufundi. "Haina kasoro," akasema. Bastola kweli haikuwa na kasoro, na kwa hiyo uongo wake ulimuuma zaidi.

Baada ya wiki tatu akapanda basi hadi Maramba, nyumbani kwa Rafaeli. Rafaeli alikuwa barazani akipukuchua mahindi, gongo la kutembelea kando yake.

"Shikamoo, mzee."

Methusela akatikisa kichwa. "Usiniamkie kwanza, Rafaeli."

"Kulikoni? Umekuja kunicheka na wewe? Benedikta ananiita askari wa vidole vitatu."

"Vitatu na nusu," mkewe akasahihisha kutoka ndani.

Methusela akachukua kikombe cha bati, akakizungusha kulia, kisha kushoto, akaeleza kila kitu.

"Wiki tatu najiona mpumbavu mbele ya mke wangu," Rafaeli akasema.

"Najua."

"Hujui."

"Kesho nitamwambia meneja."

"Na leseni?"

"Wataichukua."

Rafaeli akajikongoja kusimama. "Tutakwenda wote. Nataka nikusikie ukisema."

Methusela akanyoosha mkono amshike. Rafaeli akausukuma kando, akaegemea gongo lake.