Nilimsimamisha mlinzi wa tovuti ya mjane wa shemeji yangu

Admin, nifichie jina, maana mume wangu naye huufuata ukurasa huu. Majina yote nimeyabadilisha.

Nina miaka thelathini na mbili na watoto watatu. Naishi Butembo, upande wa Rughenda. Mume wangu, nimwite Baba Ornella, hutengeneza tovuti za wafanyabiashara na kuzitunza, ofisi yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mimi nauza vitenge, na yeye ndiye aliyenitengenezea tovuti ya duka. Mwisho wa mwezi mimi humsaidia kuandika ripoti za wateja.

Niwaeleze kazi ilivyo, ndipo mtaelewa kosa langu. Kila tovuti ina mlinzi wake kwenye mtandao, programu inayoibishia hodi kila baada ya muda fulani. Tovuti isipoitika, simu ya mume wangu inalia, naye anakimbilia kompyuta. Tuna pia msaidizi wa akili bandia. Ukimwandikia "niletee maelezo ya mlinzi wa duka fulani," anakwenda mwenyewe kuyachukua: jina, anwani, anabisha mara ngapi, anamwarifu nani.

Mwezi wa saba nilikuwa na haraka, nikamwandikia aniletee maelezo ya walinzi wote kwa pamoja. Katikati ya orodha nikakuta mmoja asiye wa mteja. Jina: Nyumbani. Anwani: duka la Mama Glody, kule Mulekera, Beni. Anabisha kila dakika moja. Alianzishwa wiki ile ile tuliyotoka matanga ya kaka yake mume wangu. Nikatafuta mlinzi wa duka langu. Jina: Client 11, yaani mteja wa kumi na moja. Anabisha kila dakika thelathini!

Ndugu zangu, moyo uliniwaka. Mama Glody ni mjane wa kaka mkubwa wa mume wangu. Anashona yunifomu za shule, na wazazi humtumia vipimo vya watoto kupitia tovuti yake. Ni mwembamba, mpole, hapandishi sauti. Mimi mnanisikia mpaka barabarani. Siku ya kumaliza matanga, wazee wa ukoo walimtaka mume wangu amrithi. Akakataa mbele ya wote: "Miye niko na bibi, tulifunga ndoa mu kanisa." Mzee mmoja akamjibu, "Basi, kama haumuoe, umuchunge." Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kwa maringo. Kumbe mwenzangu alilibeba lile neno na kulifanyia kazi kila dakika.

Sikumuuliza. Kumuuliza kungekuwa uungwana, na siku hiyo sikuwa nao. Nilimwandikia msaidizi: "Msimamishe mlinzi wa Nyumbani." Akaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo. Nikayafuta mazungumzo yale, nikaenda kupika sombe, majani ya muhogo, huku naimba.

Siwadanganyi, wiki zilizofuata nilifurahi. Mume wangu hakushtuka, kwa sababu mlinzi akinyamaza yeye anaelewa kwamba kuko salama. Wahenga walisema wivu ni kidonda, nami changu nilikuwa nakikuna kwa raha zangu.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, tovuti ya Mama Glody ikaanguka. Siku tano, na hakuna aliyejua. Na Beni, kwa vita vya kule, mtu akifunga ghafla watu hawaulizi mara mbili, wanajua amekimbia na watoto wake. Yeye mwenyewe alipata habari sokoni. Hakumpigia mume wangu. Alinipigia mimi.

"Mama Ornella, kumbe site yangu ilikufa siku tano! Batu banasema nilisha kimbia. Bazazi benyi balienda kwa fundi mwingine, na vitambaa nilisha kata. Sikutaka kumusumbua Baba Ornella, njo maana nakuita weye. Wewe unanisikilizaka."

Nikasema pole, mama, pole sana.

Nilimwambia mume wangu, naye akaifufua tovuti ile kwa dakika kumi. Kisha akaona mlinzi amesimamishwa. Akajishika kichwa.

"Ni miye," akasema. "Labda nilimusimamisha siku ingine bila kujua. Yaya, kaka yangu mukubwa, aliniachia nyumba yake, lakini nimeshindwa hata kuangalia mulango."

Nilikuwa nimesimama pale na chai yake mkononi, na hata hapo wivu haukuniacha. Nikamuuliza, "Na duka yangu, sababu gani unaiangalia kila nusu saa tu?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Yako? Yako iko hapa mu nyumba. Ikianguka, utaniita. Ule hana mutu wa kuita."

Niliona aibu. Ningesema ukweli palepale, lakini aliendelea kuongea. "Hii machine siiamini tena. Jumamosi naenda Beni, nitamuleta na batoto bakae huku, mu ile chumba ya nyuma. Nitamuchunga na macho yangu."

Chumba cha nyuma kiko hatua kumi kutoka kitanda chetu. Ameniomba nichague pazia.

Nikisema ni mimi niliyemsimamisha mlinzi, hakutakuwa na sababu ya kumhamisha Mama Glody. Atabaki Mulekera na cherehani yake. Lakini mume wangu atajua kwamba mkewe aliwanyang'anya yatima chakula kwa sababu ya wivu, na kwamba alimwacha ajilaumu mbele ya jina la kaka yake. Nikinyamaza, Jumamosi nitampokea mlangoni na kumwita dada.

Kinachonitisha ni kwamba sijui moyo wangu. Nikitubu leo, sijui kama nitakuwa natubu kwa sababu nilimuonea yule mama, au ninatubu ili asije.

Mngekuwa mahali pangu mngefanyaje? Nisemeni hata kwa ukali, lakini iwe kabla ya Jumamosi.