Msellem na Taa za Bustani ya Majini

Msellem hakuumbwa kukaa. Ndivyo asemavyo mkewe Shekha, na mwanamke aliyehamishwa nyumba tisa kwa miaka ishirini na sita ana haki ya kusema. Walianzia Mambrui, kwao, ambako Msellem alisifika kwa kupamba taa za Maulidi. Wakaenda Lamu. Wakashuka Mombasa, wakaondoka, wakarudi tena. Wakapita Takaungu, Kilifi na Gede, na kwingine ambako Shekha hakuwahi hata kujua majina ya majirani wote. Kwa haki yake niseme kwamba hakuna mahali alipofukuzwa. Kazi huwa nzuri, bosi huwa anamsifu, basi siku moja mtu anaamka miguu inamwasha, na kabla ya magharibi Shekha anafunga sufuria kwenye kanga. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Shekha alikuwa mgeni karibu umri wake wote wa ndoa.

Walipofika mtaa wa Shela, Malindi, mwaka wa themanini na nne, Shekha aliweka masharti. Alimwambia mumewe kwamba hapa ndipo mwisho. Akaweka karai lake mlangoni, akaanza kukaanga viazi alasiri, na mwaka wa pili akaingia kwenye chama cha harusi cha wanawake wa mtaa, wale wanaopikiana na kuvaa sare. Mwaka wa tatu wakamfanya mweka vyombo. Ukiona wanawake wa Shela wamekukabidhi sinia zao, jua umekuwa mtu wa pale.

Msellem alikuwa fundi wa umeme kwenye hoteli moja ya ufukweni. Mwenye hoteli, Mtaliana aliyekuja mara mbili kwa mwaka, alijenga ukumbini tangi la kioo la maji baridi, lenye urefu wa futi kumi na kina cha kumfikia mtu kifuani. Ndani hakutaka samaki watupu. Alitaka bustani ya majini: udongo, mawe, majani marefu kama utepe, na yungiyungi zinazopanda mpaka juu. Akaliweka pembeni, nyuma ya ngazi, mahali ambapo jua halijapata kufika. Kisha akapanda ndege, akaacha maagizo kwamba akirudi Desemba aikute bustani imestawi.

Maagizo yalimwangukia Kamande, meneja, mtu wa bara, mkarimu lakini mwoga wa tajiri wake. Kamande akamwita Msellem akamweleza bila kuzunguka: mimea ikifa, kazi ya umeme ya hoteli nzima itapewa mafundi wa Mombasa. Taa ni za Msellem, na ajira ya Msellem imo ndani ya lile tangi.

Ungedhani mtu angetulia kwanza afikiri. Thubutu. Jioni ile ile alikuwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni.

Alianza na globu za kawaida, kumi na mbili, za nguvu. Maji yakapata uvuguvugu wa yale ya kumwoshea mtoto mchanga, samaki wakaja juu kuvuta pumzi, majani yakageuka kahawia. Akazing'oa. Akatafuta taa ndefu za tyubu, na kati ya tyubu zote akachagua zile zenye weupe wa samawati, akafunga nane, zikimulika toka asubuhi hadi usiku wa manane. Tusimcheke. Huyu ni mtu aliyekulia kwenye Maulidi na harusi, na kwetu taa ni heshima. Anayepunguza taa amempunguzia mgeni. Akiwasha, alisimama nyuma walipo watu, akatazama kama watu. Na kweli lilipendeza. Wageni wakapiga picha, Kamande akampa mkono.

Wiki mbili baadaye kioo kikaota utando wa kijani. Ukafuatwa na nyuzi, laini kama nywele, zikaifunika mimea yote, na maji yakawa mlenda. Hapo ndipo Msellem akashikwa na wazimu wake. Akapunguza tyubu zikawa nne. Siku ya tatu akazirudisha sita. Akaleta taa ya barabarani, akaining'iniza, akaitoa. Akashusha taa, akapandisha, akabadilisha hii na ile, hata mimea ikawa kama mtoto anayehamishwa kila mwezi chuo cha Kurani, hamalizi juzuu. Nyumbani alikuwa anakula huku anachora taa kwa kidole juu ya meza, na Shekha anakitazama kile kidole akijua vizuri kitu kilichokuwa kinasubiri mwishoni mwake. Kazi ikiharibika, watahama. Aliacha kumuuliza habari za hoteli, maana jibu lilimtia hofu.

Aliyechoka kabla ya wote alikuwa Kadzo, mtunza bustani wa hoteli. Mimea yenyewe aliitoa kwenye ziwa la kwao, Jilore, na mara mbili sasa alikuwa ameingia majini hadi kifuani kuipanda upya. Mara ya tatu alikataa. Alimwambia Msellem aje kwanza Jilore aone inakoishi.

Walikwenda Jumapili. Kadzo akamwonyesha mahali ambapo miti imeinamia maji, na jua linafika vipande vipande, na chini yake yungiyungi zimekaa kwa raha zao. Kisha akamvusha hatua hamsini, mahali pa wazi, ambapo jua linapiga kutwa. Pale maji yalikuwa ya kijani na mazito, hata ng'ombe wanayapita. Msellem alisimama akatazama huku, akatazama kule, akarudi huku.

"Mzee," Kadzo akamwambia, "wewe unawasha taa ya wageni. Hii mimea haikuja harusini. Imekuja kukaa."

Neno likamwingia. Siku ya pili alichagua upya, na safari hii alichagua akiwa amechutama mbele ya kioo, macho yake usawa wa majani. Tyubu mbili tu: moja ya weupe wa samawati, moja ya weupe wenye umanjano, ili kila moja impe mwenzake asichokuwa nacho. Akazitundika umbali wa mkono mmoja juu ya maji. Ziwake saa sita mchana, zizimwe saa nne usiku, ili wageni wa jioni waone na mimea nayo ipate kulala. Ukumbi ukaonekana kama umefiwa. Kadzo akasema ni sawa, ila kuna sharti moja: jani halisemi kama limeridhika mpaka zipite jumaa tatu. Asiguse kitu.

Kuchagua kulikwisha. Kutogusa ndiko kulikuwa kazi.

Shekha, aliyeujua mkono wa mumewe kuliko mwenyewe, akamtaka ale yamini. Akaapa hatagusa zile taa siku ishirini na moja. Siku ya nne akaongeza tyubu moja, ati aone tu. Kafara ya yamini iliyovunjwa ni kulisha maskini kumi, na asiyeweza hufunga siku tatu. Msellem hakuweza, akafunga, na joto la Oktoba mnalijua. Akaapa tena. Siku ya sita alizishusha taa vidole viwili, na nyumbani akajitetea kwamba kushusha si kubadilisha. Shekha akamuuliza kama aliapa kutobadilisha au kutogusa. Akafunga tena siku tatu, midomo imekauka, hasira juu. Akazirudisha taa zilivyokuwa, akaapa mara ya tatu, na hesabu ilikuwa hiyo hiyo: siku ishirini na moja, na siku ya ishirini na moja ndiyo ambayo Mtaliana angetua.

Zile siku hoteli ile haikuwahi kuwa na umeme mzuri kama ule. Alitengeneza feni ambazo hazikuharibika. Alibadilisha swichi za vyumba ishirini na nne. Alifungua friji ya jikoni mpaka mpishi akamfukuza. Kila saa alipita ukumbini ameweka mikono nyuma, vidole vimekamatana, anatazama maji, anaondoka, anarudi. Alikuwa na hakika mimea inakufa. Usiku alimwamsha Shekha kumwambia inakufa. Subira yavuta heri, Shekha akamjibu, akageuka upande wa pili, na wala yeye hakulala.

Siku ya kumi na tano zile nyuzi zilianza kukatika zenyewe. Siku ya kumi na saba Kadzo alimwita, akamwonyesha jani jipya la yungiyungi linatoka udongoni, limejikunja kama tambuu. Msellem alilitazama hadi macho yakamlowa, na hakuona haya.

Siku ya kumi na tisa Kamande akapita na karatasi zake, akasimama. Akasema ukumbi una giza, tangi linafanana na duka lililokatiwa stima, na mwenyewe anafika kesho kutwa. Akamwamuru arudishe tyubu zote nane zing'ae.

"Bwana Kamande, nimekula yamini," Msellem akasema. "Na hata nisingekula, nisingeziwasha."

Kamande alikunja karatasi zake. Huyu mzee alikuwa hajawahi kukataa kupanda ngazi. Mwisho akasema, "Ukikosea, mzee, mimi sitakutetea." Akaenda zake, na Msellem akaikamata mikono nyuma, akarudi kutazama maji.

Mtaliana alifika alasiri, shati limemganda mgongoni. Hakwenda chumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Majani yalikuwa yamesimama, kijani cha kweli, na kwenye kila jani kulikuwa na viputo vidogo kama ushanga, kimoja kimoja kinajiachia kinapanda juu. Akakaa kwenye sakafu kama mtoto. Alipoinuka akauliza nani alichagua taa, na Kamande, ambaye alikuwa amejiandaa kutomjua Msellem, akamsogeza mbele kwa mkono begani.

Kazi ikapona. Na pale pale Mtaliana akaongeza jingine, Kamande akilitafsiri: anajenga hoteli Kikambala, na tangi lake litakuwa maradufu ya hili. Anamtaka fundi huyu huyu, kuanzia Januari, na nyumba atapewa. Kamande hakufika mwisho wa maneno. Msellem alikuwa amekwisha kusema ndiyo.

Alirudi nyumbani mbio mbio. Shekha alikuwa kwenye karai lake, wateja wamepungua. Akamweleza mambo ya tangi, viputo, mkono begani, na Shekha akafunga macho akamshukuru Mungu, uso wake wote ukalegea kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Kisha akamweleza habari za Kikambala.

Shekha aligeuza viazi. Akavigeuza vyote, kimoja kimoja, akavitoa, akapunguza moto.

"Ile mimea umeiacha siku ishirini na moja ikashika," akasema. "Mimi miaka ishirini na sita wanihamisha, mume wangu, na hujaniuliza siku hata moja kama nimeshika."

Msellem akaanza kutaja nyumba atakayopewa; Shekha akamkata.

"Kama wenda, nenda salama. Mimi sendi."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Hasira za Shekha alizizoea. Zilikuwa zikimalizika kwa sufuria kufungwa kwenye kanga. Huyu alikuwa anapanga sinia za watu kwa harusi ya Ijumaa, anazihesabu, kila moja na mwenyewe. Msellem alikaa kizingitini mpaka adhana ya isha akitafuta nyumba moja, kati ya zile tisa, ambayo aliihama kwa sababu. Hakuipata.

Saa moja asubuhi alikuwa mlangoni kwa Kamande kusema hendi. Kamande alishangaa, akauliza kama ni mshahara, au labda nyumba ya Kikambala haitamfaa. Msellem akasema sivyo.

"Mke wangu hajapata kukaa," akamwambia.

Kamande hakuelewa, lakini akaandika. Msellem akatoka nje, na miguu ilimwasha kuliko siku zote za maisha yake. Akaizunguka bustani ya hoteli mara tatu, upesi upesi, kisha akaingia kazini.